Karafuu Kwapani

Kila ninapoalikwa pilau, kabla sijaanza kula nazichambua karafuu na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Marafiki zangu wameshazoea. Wanadhani siupendi ukali wake ulimini. Juzi, kwenye arobaini ya mzazi wa rafiki yangu, binti mdogo aliyekaa karibu nami mkekani alizikusanya zile karafuu, akazifumbata, akanusa kiganja chake, kisha akaunusa mkono wangu. "Zinanukia kama wewe," akasema. Mama yake akamkemea na kuniomba radhi. Nikamwambia mtoto hajakosea kitu. Halafu nikatoka nje kama mtu aliyepigiwa simu, nikaegemea ukuta.

Mimi ni mtoto wa Ushetu. Kwetu asubuhi humpiti mtu njiani bila "mwangaluka", na hata mtoto husimamishwa akaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mbuzi anayeumwa mguu. Mwaka ambao tumbaku yetu iliungulia banini, kwenye kibanda cha kuikaushia, Mama alisikia kwamba Nyarugusu kuna rashi, yaani dhahabu imetoka mahali papya na watu wanamiminika. Penye wanaume wengi wenye njaa, alisema, mwanamke mwenye sufuria kubwa hakosi kazi. Akaifunga sufuria yake kwa kamba, akanipeleka Geita kwa kaka yake, akaniachia khanga moja ya kujifunika, na ahadi kwamba shule zikifungwa atakuja.

Geita watu walipita tu. Nilisimama kwenye njia ya shule nikiwa na shikamoo yangu mdomoni, nao wakanipita na pikipiki zao, na viroba vyao vya mawe, na haraka yao. Darasani walicheka jinsi nilivyoyavuta maneno Kisukuma, nikaona afadhali ninyamaze. Nyumbani nako palitaka kimya. Mjomba Shija alikuwa mlinzi wa usiku kwenye geti la mgodi mkubwa, na mchana alilala. Mkewe alikuwa amerudi kwao na hakuna aliyeniambia kwa nini. Nilivua viatu mlangoni, nikajifunza kufunua sufuria bila mfuniko kugonga, nikala ugali uliopoa nikiwa nimekaa kizingitini. Nyuma ya nyumba karasha lilisaga mawe tangu asubuhi hadi jioni, na vumbi lake lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa.

Jumapili Mama alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unasoma?"

"Nasoma."

Swali langu mimi lilikuwa refu zaidi ya hayo, na kila nilipoanza kulikusanya mtandao ulikatika.

Ile khanga mwanzoni ilinukia Mama: moshi, kitunguu, mafuta ya nazi ya kichwani. Nililala nimeikunja chini ya shavu. Kisha asubuhi moja nikanusa, nikakuta kitambaa tu. Nilipofikiri sana nikapata maelezo yaliyonitosha: harufu hupoa. Uji ukipoa haunukii, nyama ikipoa hainukii, na khanga ya Mama ilikuwa imepoa kwa sababu mwenyewe hakuwamo ndani yake. Niliishika imani hiyo kwa uthabiti wa mtoto asiye na mtu wa kumuuliza.

Mbwa alikuja ndani ya gunia, juu ya baiskeli, kichwa nje. Alikuwa jike mchanga mwenye rangi ya chungu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Majirani wakatoka. Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, vyumba vinatazamana, na uwanja mmoja wa wote, kwa hiyo neno lilikuwa la wote. Mama Zuhura, mwanamke wa Ujiji aliyeuza viungo sokoni, alilikusanya baibui lake mpaka magotini.

"Shija, mbwa wako akinigusa hapa nitafua mara saba, na maji utachota wewe."

"Nitachota, Mama Zuhura."

"Na jina lake nani huyo?"

"Wasemeje."

"Wasemeje?"

"Ndiyo. Ili nikimwita kila mtu awe ameshajibiwa."

Mama Zuhura alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Kwetu Usukumani mbwa hupewa jina la kuwafikishia majirani ujumbe, lakini ule ulikuwa utani wa kwanza nilioona ukipita katika uwanja ule, na ulikuja na mbwa.

Sababu ya kumleta haikuwa utani. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri Mjomba ilikuwa inapunguza walinzi wa getini na kuongeza mbwa wa kunusa, wale wanaozunguka magari kuhakikisha hakuna baruti inayotoroshwa. Mlinzi atakayeleta mbwa anayejua kutafuta harufu moja, yoyote ile, na kukaa chini akiipata, angebaki kazini pamoja na mbwa wake. Ya baruti wangemfundisha wenyewe huko ndani. Asiyekuwa naye, mkataba wake ungeisha na kiangazi. Na Mjomba akirudi kijijini, mimi nisingekuwa na pa kukaa karibu na Mama.

Alichagua karafuu kwa sababu Mama Zuhura alikuwa nazo, na kwa sababu katika nyumba yetu hakuna aliyepika pilau mpaka Idi au Krismasi. Akazitia ndani ya kopo la dawa ya viatu, akalitoboa kifuniko kwa msumari. Akatafuta makopo mengine ya namna hiyo, akayaacha matupu.

"Haya matupu nitayatawanya mwenyewe," aliniambia. "Lenye karafuu utaficha wewe, na usiniambie ulipoliweka. Nikijua lilipo macho yangu yatakwenda huko, mguu wangu utapunguza mwendo, naye atanisoma mimi badala ya kunusa. Umeelewa?"

Nilielewa kitu kimoja: kuna kazi ambayo bila mimi haifanyiki.

Nililificha kwenye rundo la matofali, chini ya gunia la mkaa, ndani ya tairi, nyuma ya pipa la Mama Zuhura. Na kwa kuwa harufu hupoa, sikukubali kuliweka kopo la baridi. Nililala nalo tumboni. Asubuhi nilikwenda nalo shule mfukoni, na nikirudi nalibana kwapani mpaka bati linapata joto la mwili, ndipo nalificha haraka, kama mtu anayepeleka chai kwa mgonjwa.

Mjomba alipoamka saa za alasiri alijimwagia maji, akafunga kamba shingoni mwa mbwa, akasema "Tafuta!" Wasemeje aliinua pua hewani kwanza, akasikiliza kwa pua. Kisha akashuka ardhini, akapita kwenye makopo matupu bila heshima yoyote, akapinda kona, akafika. Hakubweka. Aliketi, mgongo umenyooka, mkia unafagia vumbi, akamtazama Mjomba. Naye akasema "Wabeja!" yaani asante, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kifuani mwake, akamrushia soksi iliyoviringwa kuwa mpira.

Alijifunza kwa kasi iliyotutia wazimu. Watu wakaanza kuja kutazama, vijana wa karasha wakiwa weupe kwa vumbi, wanawake na beseni zao.

"Mwambie aninusie mume wangu," Mama Zuhura alisema. "Yuko Runzewe tangu kabla ya Ramadhani, sijui kafichwa kopo gani."

"Huyo atampata," kijana mmoja akajibu, "ila akimkuta kwa mke mdogo atakaa chini, si atakuletea!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka katikati yao, na hakuna aliyenigeukia kuona nani anacheka. Jioni, Mjomba akishaondoka kwenda getini, Wasemeje alikuja akalaza kichwa kwenye paja langu. Nilimsimulia shule, nilimsimulia Ushetu. Swali langu refu, lile ambalo simu ililikata kila Jumapili, yeye alilisikia lote.

Siku ya jaribio Mjomba alinichukua kwa sababu nililia. Tulikwenda kwa bodaboda, mbwa katikati yetu. Uwanja wa kampuni ulikuwa mweupe kwa kokoto, na maboksi ya mbao yamepangwa mstari mmoja. Msimamizi alikuwa mwanamama mfupi mwenye lafudhi ya Moshi, mikononi amevaa glovu, na wote walimwita Afande. Mimi niliambiwa nikae mbali, nje ya waya, pamoja na dereva wa boda.

"Tafuta!"

Wasemeje akainua pua. Akapita boksi la kwanza. Akapita la pili. Akapita yote, lenye karafuu likiwa mojawapo, kwa dharau ileile aliyoyapitia makopo matupu nyumbani. Mwisho wa mstari akasimama, akaigeuza pua yake kwenye upepo, na kamba ikamvuta Mjomba kokoto zikilia chini ya buti zake, mpaka kwenye waya, mpaka mbele yangu. Akaketi. Mgongo umenyooka. Mkia ukafagia. Akamgeukia Mjomba, akingoja soksi yake.

"Shija!" mlinzi mwenzake akapaza sauti. "Kampuni haijaibiwa mtoto!"

Kicheko kilizunguka uwanja mzima. Afande hakucheka. Alikuja taratibu, akaniangalia mimi, akamwangalia mbwa.

"Nani anakufichia makopo?"

"Mtoto huyu, Afande."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na matupu?"

"Naweka mimi."

Akatoa kopo tupu kabisa, akalipitisha kwenye tundu la waya, akaniambia nilishike. Nikalishika na, kwa mazoea, nikalibana kwapani. Akalipokea kwa glovu yake, akalirudisha kwenye mstari, akaliweka katika boksi alilochagua mwenyewe. Wasemeje akaenda moja kwa moja, akaketi.

"Mbwa hana kosa," Afande alisema. "Anajua kazi kuliko wote walioletwa leo. Ila amefundishwa mtoto, hakufundishwa karafuu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mwachishe kumtafuta mtoto huyu, Shija. Mvua za kwanza zikinyesha mlete mbwa tena. Baada ya hapo sina nafasi."

Tukapanda boda kurudi nyumbani. Nilijua kuna jambo baya limetokea, na kwamba ningepaswa kuhuzunika, lakini nilikuwa naugeuza moyoni ule usemi wa Afande kama peremende mdomoni. Matofali, mkaa, tairi, pipa. Mara zote hizo alikuwa ananitafuta mimi. Katika mji ule ambao hakuna aliyesimama kuijibu shikamoo yangu, alikuwapo mmoja aliyefungwa kamba kila alasiri akaniona, popote nilipokuwa nimewekwa.

Kesho yake Mjomba alichemsha makopo yote. Akanikalisha chini.

"Hujafanya vibaya. Mimi ndiye sikujua. Lakini sasa usimguse, usilishike kopo, usimwite. Na akija kukukalia mbele, usimtazame."

"Hata nikiwa nakula?"

"Hata ukiwa unakula. Ukimsifia mara moja tumerudi mwanzo."

Kazi yangu ikagawanywa. Leo alificha kijana wa karasha, kesho mwenye duka, keshokutwa Mama Zuhura, mkono ameuvisha mfuko wa plastiki na uso ameugeuza pembeni. "Nakufa na dini yangu kwa ajili yenu," alilalamika, lakini alificha vizuri kuliko wote. Mimi nilikaa ndani nikisikiliza "Tafuta!" ikirudiwa, kisha kimya, kisha Mjomba akisema "hapana, hapana", bila ile wabeja.

Maana Wasemeje alikuwa ananitafuta bado. Alinikuta mlangoni mwa choo, alinikuta bombani, alinikuta nikianika sare yangu ya shule, na kila aliponikuta aliketi. Nilitazama ukuta. Hapo alifanya kitu ambacho hadi leo sijui nikihifadhi wapi: alidhani ameketi vibaya. Akainuka, akajisogeza kidogo, akapanga miguu yake ya mbele sawasawa, akaketi tena, vizuri zaidi.

Nikatazama ukuta.

Nyakati nyingine alikuja hadi mlango wa chumba. Nilimsikia upande wa pili, mkia unafagia sakafu, fyu, fyu. Nilibana pumzi nikiamini kwamba harufu ya mtu hutoka na pumzi yake, na nisipopumua nitakuwa sipo. Mkia ukapunguza mwendo. Ukanyamaza. Baadaye kidogo nikasikia kucha zake zikiondoka.

Mama Zuhura akamwambia Mjomba niwe nalala kwake. Chumba chake kilikuwa na magunia ya hiliki, mdalasini na karafuu mpaka darini. Humo ndani hata mimi sikuweza kujinusa.

"Usilie, mwanangu," aliniambia akinipaka mafuta kichwani. "Mimi namkwepa kwa dini, wewe unamkwepa kwa kazi. Si tumekuwa wawili?"

Shule zilifungwa. Mama alipiga simu, akasema rashi imehamia ng'ambo ya kilima na sufuria imehama nayo. Nilimwambia nimekula, nasoma. Wiki ile mvua ikanyesha, kubwa, ikaosha vumbi la karasha kwenye mabati, na Mjomba akaja mlangoni kwa Mama Zuhura akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi.

"Afande amesema na mtoto aje."

"Aje afanye nini?" Mama Zuhura akauliza.

"Asimame kwenye mstari. Mbwa ampite."

Tulikwenda kwa boda mbili, mbwa na Mjomba mbele, mimi nyuma. Tulipofika nikamvuta Mjomba shati.

"Akifaulu tutarudi naye nyumbani?"

Alichuchumaa, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. "Mbwa wa kazi hulala kambini," alisema. "Mimi nitakuwa narudi jioni. Usiku sitakuacha peke yako tena." Akainuka. "Ukimwita, hata kwa ukope, basi. Nakuachia mwenyewe."

Maboksi yalikuwa yamepangwa kama mwanzo, isipokuwa katikati kulikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa yangu. Afande alinisimamisha pale, akanielekeza mikono iwe wazi, viganja mbele. Kokoto zilikuwa na maji bado. Walinzi wamejipanga ukutani, safari hii bila utani. Nilikuwa najua kitu kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekijua pale: kidole changu kidogo kikikunjwa tu, angekaa. Angekaa mbele yangu vizuri kuliko siku zote, tungefeli, na jioni ile angelaza kichwa kwenye paja langu, jioni hiyo na nyingine chache, mpaka mkataba uishe.

"Tafuta!"

Akaja na pua chini. La kwanza, hapana. La pili, hapana. Akanifikia. Pua yake ilikuwa baridi na imelowa. Iliingia katika kiganja changu cha kulia, ikatoka, ikaingia cha kushoto, ikapanda hadi kwenye mkono wa gauni, pale ambapo kopo lilikuwa likilala. Akavuta pumzi ndefu. Nikauona mgongo wake unaanza kushuka nyuma, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti ambacho hana hakika ni chake.

Niliinua macho. Mbele kulikuwa na kifusi kikubwa cha mgodi, kijivu, juu yake lori dogo kama kisanduku cha kiberiti linapanda. Nikalitazama lori. Nikalitazama kwa nguvu zangu zote, lilivyopinda kona, lilivyotoweka, lilivyotokea tena juu zaidi. Viganja vyangu vilibaki wazi.

Ule ubaridi ukaondoka mkononi. Nikasikia kucha juu ya kokoto, boksi lililofuata, na lililofuata tena. Kisha kimya. Kisha mkia.

"Wabeja!" Mjomba akapaza sauti, na sauti yake ikapasuka katikati. Ukuta mzima wa walinzi ukapiga makofi. Afande akavua glovu, akampa mkono. Soksi ikaruka juu, Wasemeje akairukia, akaidaka, akazunguka nayo uwanja mzima kwa furaha, na watu wakamfuata kuelekea ofisini wakimpigapiga Mjomba mabegani, wakimwambia tulijua, Shija, tulijua.

Nami nikaendelea kusimama kati ya maboksi, viganja mbele, macho juu kwenye lori, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba jaribio limekwisha.